Painti Moja na Salamu Ndefu

Kila mwezi nachukua dawa zangu za presha katika kliniki moja hapa Voi, na kila mwezi vijana wanaohudumu pale hunichelewesha makusudi. Walipojua kwamba nilikuwa klinikal ofisa kwa zaidi ya miaka thelathini, walianza kunifungia mlango na kunimiminia maswali. Mwezi uliopita kijana mmoja, ambaye koti lake jeupe bado lina mikunjo ya dukani, aliniuliza, "Mzee, wewe ulikuwa unaongeza mgonjwa damu HB ikiwa ngapi?"

Nikamwambia inategemea.

Alinuna, nami nikamwona akinuna. Alitaka namba, aiandike kwenye kidaftari chake cha mfukoni, amalize. Hata mimi katika umri wake nilitaka namba, kwa hivyo sikumlaumu. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani Mwakingali nilijiuliza kwa nini swali dogo hivyo lilinishinda kulijibu nikiwa nimesimama. Nimeamua kulijibu nikiwa nimeketi, kwa maandishi, ili nanyi wengine mnaoanza kazi mlipate. Mkiona nazungukazunguka, nivumilieni. Mstaafu ana muda, na hiyo ndiyo raha yake pekee ambayo serikali haiwezi kumcheleweshea.

Kwanza tuelewane. HB ni kipimo cha ile rangi nyekundu ya damu inayobeba hewa kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini. Ikipungua sana, moyo unaenda mbio, pumzi inaenda mbio, na mtu anaweza kufa. Hapo ndipo tunamwekea damu ya mtu mwingine. Mabishano yote niliyoyasikia kazini yalihusu hilo neno moja, "sana".

Nilipoanza kazi hatukuwa na mashine ya kupima HB. Tulikuwa na karatasi nyeupe na kadi yenye rangi, kuanzia waridi hafifu hadi nyekundu iliyoiva. Unadondosha tone la damu kwenye karatasi, unangoja mng'ao wake upotee, kisha unalilinganisha na kadi na kusoma. Nilifanya kazi hiyo mwaka wangu wa kwanza katika kituo cha afya huko juu milimani, upande wa Wundanyi. Ilipofika mwezi wa saba nikagundua jambo la ajabu. Wajawazito wote walikuwa na damu nzuri kuliko miezi mingine. Nilifurahi mno. Nikaandika ripoti ndefu, nikaeleza kwamba huenda ni maharagwe mapya, huenda ni mboga za msimu. Nilijiona mwanasayansi kamili.

Ripoti ilipofika hospitali ya huko chini, akatumwa Sista Mkamburi aje aone. Alikuwa muuguzi, mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuwa na uzoefu mara tano ya wangu. Aliichukua kadi na karatasi yangu, akatembea nazo hadi dirishani, akaona hazisomeki, akatoka nazo mpaka uani na kusimama kwenye mwanga kidogo uliokuwapo. Nje kulikuwa na ule ukungu wetu wa Julai, mzito, unaokaa juu ya migomba tangu asubuhi mpaka mchana. Akarudi ndani ananitazama juu ya miwani.

"Mwadime," akaniuliza, "ukungu una vitamini gani?"

Nilikuwa nasoma rangi ndani ya chumba chenye giza, ambamo kila chekundu kinaonekana kimekolea. Damu ya wanawake wale haikuwa imeongezeka hata kidogo. Kilichokuwa kimepungua ni mwanga. Tukaanza kuwapima upya mmoja mmoja, na wawili kati yao tukawateremsha hospitali siku hiyo hiyo. Ninyi mna mashine, nayo haijali ukungu. Lakini mashine itawapa namba ya damu yoyote mtakayoiweka. Mkimtoa mgonjwa damu kwenye mkono uleule unaopitisha dripu, itawasomea maji ya dripu bila aibu yoyote, nanyi mtadhani mtu anakufa. Nimeyaona hayo zaidi ya mara moja.

Baadaye nilihamishwa hadi hospitali moja ya kaunti yetu, ambayo sitaitaja, na huko nikamkuta tena Sista Mkamburi akisimamia wodi. Enzi hizo tulikuwa na sheria mbili ambazo hakuna aliyezihoji. Ya kwanza, mgonjwa haingii upasuaji kama HB haijafika kumi. Ya pili, damu inatolewa mbili mbili kama viatu. Ukiandika painti moja, yaani mfuko mmoja wa damu, mtu wa maabara anakutazama kana kwamba umeomba kiatu cha kushoto.

Ndipo alipokuja mzee mmoja wa Bomeni, kule Taveta, mkulima wa ndizi. Alikuwa na safura, minyoo imemnyonya polepole kwa miezi mingi, na HB yake ilikuwa tano. Alishuka kwenye gari, akatembea mwenyewe kutoka barabarani hadi wodini, akaketi kitandani na kuuliza chakula kinaletwa saa ngapi. Niliona ile tano, nikashtuka. Nikaagiza painti mbili, na kwa sababu nilitaka ziishe kabla ya chakula cha mchana, nikafungulia zote ziende kasi.

Ya pili ilipofika nusu, mzee akaanza kukohoa. Akakaa kitako, macho yamemtoka, kifua kinatoa sauti ya maji. Sista Mkamburi alisikia kikohozi kile kutoka kwenye korido. Aliingia, akafunga damu, akamteremshia miguu ikaning'inia kando ya kitanda, akamdunga dawa ya kukojosha, yote hayo mimi nikiwa bado nimeshika faili. Baada ya saa moja hivi mzee akaweza kuongea.

"Daktari," akasema, "nimekuja hapa sina damu, lakini napumua. Sasa damu iko, pumzi ndio hamna. Hiyo hesabu ni gani?"

Wodi nzima ikacheka, na mimi nikacheka nao kwa uoga. Sista Mkamburi hakucheka. Aliniita kando akanieleza kwamba mtu aliyekosa damu polepole, mwili wake umejifunza kuishi hivyo, na moyo wake umechoka kwa kukimbia. Ukimjaza ghafla, moyo unashindwa, na maji yanarudi mapafuni. "Damu ni dawa," akaniambia, "na dawa ina dozi. Toa moja, polepole, halafu umuulize tena mgonjwa." Miaka mingi baadaye ukaletwa mwongozo wa kubandikwa ukutani ukisema mambo hayohayo. Ulisema pia kwamba mtu mzima aliyetulia anaweza kungoja mpaka HB ishuke karibu na saba, kwamba mwenye ugonjwa wa moyo anahitaji zaidi kidogo, na kwamba anayevuja damu mbele ya macho yako usimngojee namba kabisa, maana mwanzoni namba yake itakudanganya kwamba ni mzima. Usomeni mwongozo ulio kwenye wodi yenu. Msichukue namba kutoka kwa mzee wa presha.

Sasa nije kwenye ile "inategemea" yangu.

Sista Mkamburi alikuwa na kipimo ambacho hakikuandikwa mahali popote. Alikuwa anamwamkia mgonjwa. Mnajua salamu za kwetu Taita haziishii kwenye neno moja. Unaulizwa umeamkaje, wa nyumbani wameamkaje, watoto, ng'ombe, mvua imefika wapi, na yule wenu aliyekuwa mgonjwa mwaka jana anaendeleaje. Kila swali lina jibu lake, na jibu halikatwi katikati. Basi yeye alisimama mbele ya kitanda na kuzishusha zote, Mdawida, yaani Mtaita, kwa Kidawida, Mkamba kwa Kikamba, na Mtaveta kwa Kitaveta kibovu kilichowachekesha wenyewe. "Mtu akiwa ametulia, mwili unaficha," alinieleza. "Mpe kazi kidogo uone. Akihema katikati ya neno, tafuta damu. Akimaliza salamu zote na kuanza kukuuliza habari za ng'ombe wako, mpe vidonge."

Mwanzoni niliona ni kupoteza wakati. Kisha nikaanza kuhesabu, kwa udadisi tu, ni mara ngapi alipatia. Alipatia mara nyingi kuliko mimi niliyeshika karatasi ya maabara. Nikageuka muumini. Sista alipostaafu na kurudi kwenye shamba lake Werugha, mimi ndiye niliyebaki na salamu. Wenzangu walinibandika jina la Daktari wa Hujambo. Nililipenda, nisiwafiche.

Mama Wakio aliletwa Jumanne moja asubuhi kutoka Kishushe. Magari ya huko mnayajua, yaani hayapo. Walipata lifti kwenye pikapu ya watu wanaotafuta madini. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mrefu, amefunga kilemba safi kana kwamba anaenda kanisani, na alikuja na binti yake mkubwa, Wakio, ambaye hakuwa msemaji. Viganja vya mama vilikuwa vimepauka kama unga. Maabara wakaniletea jibu: HB sita nukta tatu, grupu O.

Tatizo likawa kwenye friji. Kulikuwa na painti moja tu ya grupu O. Dereva alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kuchukua nyingine Mombasa, na tulimtarajia saa kumi jioni. Hiyo moja ilikuwa imeshikiliwa na daktari wa wajawazito, dada mmoja makini sana, kwa ajili ya mama aliyekuwa anapasuliwa saa tano. Mama huyo kondo lake la nyuma lilikuwa limekaa chini, mahali ambapo kisu kikipita, damu hutoka nyingi kwa dakika chache. Hakuwa anatoka damu wakati huo, lakini hakuna mtu mwenye akili angemwingiza upasuaji bila damu kando.

Kwa hiyo swali lilikuwa moja. Je, Mama Wakio anaweza kungoja hadi saa kumi?

Nikafanya nilichojua. Nikasimama mbele ya kitanda chake, nikaweka faili chini, nikaanza.

Aliitikia yote. Ameamka vyema. Nyumbani wameamka vyema. Watoto wako salama, mmoja yuko Mwatate kwenye mkonge, anamsalimia kila mtu. Mbuzi wapo, ingawa malisho ni shida. Mvua imenyesha ng'ambo, kwao imepita tu. Kila jibu lilitoka zima, kwa sauti ya chini na ya heshima, bila kukatika. Kisha akanigeuzia yeye.

"Na wewe ni wa kwa nani, mwanangu?"

Nikamwambia.

"Aa! Na mama yako, magoti yake yakoje?"

Hapo nikafunga kesi. Mtu anayeuliza magoti ya mama yangu anaweza kungoja saa kumi. Nikaandika kwenye faili: mgonjwa ametulia, anaongea bila shida, asubiri damu itakayoletwa jioni. Nikamwandikia vidonge na kwenda kitanda cha pili huku najisifu moyoni. Naomba mlizingatie hilo. Sikukosea kwa uvivu. Nilikosea wakati nafanya kazi yangu kwa bidii na kwa furaha.

Haikupita nusu saa, Wakio akanifuata kwenye korido. Alisimama mbele yangu akiwa ameshika mfuko wa nailoni kwa mikono miwili.

"Daktari, samahani. Mama si mzima vile umemuona."

"Nimeongea naye vizuri sana," nikamjibu.

"Ndiyo, nimesikia." Akainama. "Huyo ni mama tu. Mtu akimuamkia lazima ataitikia yote, hata akiwa anakufa. Jana chifu alipita, wakasalimiana hapo mlangoni, chifu akaenda akisema mama yuko sawa. Kutoka hapo akakaa chini kwa mlango, hakuinuka mpaka jua likazama. Hajalala wiki mbili, daktari. Anaketi tu kitandani, anashika ukuta."

Nilirudi naye wodini, lakini sikuingia. Nikasimama kando ya mlango, pale pazia linapokutana na ukuta, ambapo mama hawezi kuniona.

Mama Wakio alikuwa peke yake. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono imekaza godoro kila upande, mdomo wazi. Mabega yalipanda na kushuka. Matundu ya pua yalikuwa yakifunguka kila anapovuta. Nikatoa saa yangu, nikahesabu dakika nzima. Pumzi thelathini na nane. Mtu aliyetulia hazifiki ishirini.

Kisha muuguzi akapita karibu naye na kusema, "Habari, mama." Nikaona kwa macho yangu jambo ambalo sijalisahau. Mdomo ukafungwa. Mgongo ukanyooka. Mkono mmoja ukaachia godoro, ukaweka kilemba sawa. "Nzuri, mwanangu," akasema, sauti yote imekamilika, "na wewe umeamkaje?" Muuguzi akapita akitabasamu. Mama Wakio akangoja mpaka amefika mbali, ndipo mabega yakaanza tena, safari hii kwa kasi zaidi.

Nikamgeukia Wakio na kumuuliza mfuko ule una nini. Alikuwa na vidonge vya maumivu, vyekundu na vyeupe. "Vya magoti. Ananunua Mwatate siku ya soko, anameza kila siku."

"Na choo chake kikoje?"

"Cheusi. Cheusi kama lami. Mimi nilidhani ni mboga."

Basi hata ile damu kidogo iliyobaki ilikuwa inavuja tumboni, vidonge vimemchoma. Swali la choo linachukua sekunde tano, nami sikuwa nimeliuliza, kwa sababu nilikuwa nashughulika na mbuzi na mvua. Nilijilaumu, na nilistahili.

Nikaenda moja kwa moja kwa yule daktari wa wajawazito. Alikuwa anavaa kofia ya kuingilia theta, chumba cha upasuaji.

"Naomba ile painti," nikamwambia.

"Haiwezekani. Unajua mgonjwa wangu ana nini."

"Najua. Anatoka damu sasa?"

"Hapana. Lakini nikimfungua anaweza kutoka yote."

"Basi usimfungue mpaka dereva arudi. Mtoto anacheza?"

"Mtoto yuko sawa," akasema. "Lakini wewe si ndiye umeandika kwenye faili, nusu saa iliyopita, kwamba wako ametulia? Nimesoma mwenyewe."

"Nimeandika, na nimekosea."

Alinitazama sana. Nadhani hakuwa amewahi kumsikia mtu wa umri wangu akilisema neno hilo. "Na huyu wangu akianza kutoka damu saa saba, dereva akiwa bado yuko njiani, utamwambia nini mume wake?"

"Nitamwambia mimi ndiye niliyechagua."

Hilo halikuwa jibu la kitaalamu, nakubali. Lakini alilifikiria. Akaenda kumpima yule mjamzito upya, akasikiliza mapigo ya mtoto, akarudi akavua kofia. Akaahirisha. Yule mjamzito alikaa na njaa mpaka saa kumi na moja, akatutukana sote kwa Kikamba, na alikuwa na haki. Damu ilifika, akapasuliwa, akapata msichana. Msije mkasema nilikuwa mjanja. Kama angeanza kutoka damu saa saba, mngekuwa mnasoma kisa kingine, au nisingekuwa na nguvu ya kukiandika. Siku nyingine unapima wawili kwa uangalifu wako wote, na bado kuna sehemu inayobaki kwa bahati. Mpaka leo najiuliza ukubwa wa sehemu hiyo.

Painti ya Mama Wakio tuliitundika kabla ya saa sita. Tulilisoma jina lake mara mbili, watu wawili, kwenye mfuko na kwenye mkono wake, na hilo msiliruke hata kama jengo linaungua. Tukaifungulia polepole, mzee wa Bomeni yuko mbele ya macho yangu. Dakika kumi na tano za kwanza huruhusiwi kuondoka kando ya mgonjwa, kwa sababu damu isiyopatana na mwili huonyesha ubaya wake mapema. Nikavuta kiti, nikaketi.

Ole wangu. Mama Wakio aliona mgeni ameketi karibu naye, naye akaanza kunikaribisha. Akaniuliza kama nimekunywa chai. Akaanza kunieleza habari za shangazi yangu ambaye walisoma naye. Kila sentensi ilimgharimu pumzi, na sasa kwa kuwa nilijua mahali pa kutazama, niliiona gharama yake, pale chini ya shingo panapodidimia.

"Mama," nikamwambia, "tafadhali usiniongeleshe."

Akashangaa. Nadhani pia niliumiza moyo wake kidogo. Nikamwekea mkono begani.

"Kwa nini hukuniambia kwamba huwezi kupumua?"

Macho yake yalikuwa kwenye ule mfuko mwekundu juu yetu. Kisha akaniambia, kwa vipande vipande, pumzi kati ya kila kipande:

"Hukuniuliza hilo, mwanangu. Uliniuliza… nimeamkaje."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikashindwa yote mawili. Nikaendelea kuhesabu pumzi zake.

Jioni ile, gari la damu liliporudi na yule mjamzito kuingizwa ndani, nilitoka nje nikampigia simu Sista Mkamburi huko Werugha. Nilikuwa na hasira kidogo, kusema kweli. Nikamweleza kila kitu, kwamba kipimo chake kimenidanganya na nusura kiue mtu. Alisikiliza. Nilisikia kuku upande wake wa simu.

"Ulimuamkia?" akauliza.

"Nilimuamkia mpaka mwisho. Alijibu yote."

"Kisha ukafanya nini?"

"Nikaandika. Nikaenda kwa mwingine."

"Mwadime," akasema taratibu, "miaka yote hiyo hukuniona? Nikimaliza kuamkia nilikuwa nampa mgonjwa mgongo. Napanga vikombe, nakunja shuka, najifanya natafuta kitu. Salamu ni ya kumchosha tu. Mimi nasikiliza baada ya salamu, akidhani sipo."

Sikuwa nimemwona. Kila mara alipogeuka kupanga vikombe, mimi nilikuwa nimeinamia faili naandika. Nilikuwa nimejifunza nusu ya kazi yake kwa uaminifu mkubwa, na kuitumia nusu hiyo kwa miaka saba. Tangu siku ile nimewaza ni wangapi waliniitikia vizuri nikawapita. Namba hiyo siijui, wala hakuna mashine itakayonipa.

"Usihuzunike," Sista aliniambia. "Hata mimi hakuna aliyenifundisha hiyo nusu ya pili. Kuna mmoja alinifundisha kwa kufa." Kisha akaniuliza habari za watoto, na ng'ombe, na mvua, moja baada ya nyingine, nami nikaitikia zote.

Asubuhi iliyofuata niliingia wodini mapema. Wakio alikuwa ameketi kwenye kiti chini ya dirisha. Mama yake alikuwa amelala chali, mto mmoja tu, kilemba kimeteleza upande, mdomo wazi kidogo, anakoroma. Nikasimama kando ya mlango na saa yangu. Ishirini na mbili. Damu yake ilikuwa bado ndogo, na tulikuwa na wiki za dawa za tumbo na vidonge mbele yetu, lakini alikuwa amelala.

Wakio aliponiona akasimama haraka, akaweka mkono kwenye bega la mama yake ili amwamshe aniamkie. Nikatikisa kichwa. Hakunielewa, akamtikisa kidogo. Nikamwashiria kwa mkono, hapana, mwache. Akanitazama kana kwamba nimelelewa bila adabu, nami nikakipita kitanda cha mama yule, mkubwa wangu kwa umri, bila kumwambia hata neno moja.